Mume Wangu na Nati Zake

Simu yangu ikilia kabla ya saa nne asubuhi, sina haja ya kuitazama. Najua ni mume wangu, najua yuko gereji, amesimama kando ya gari linalotaka kutoka au lililokwisha kutoka, na najua atauliza nini.

"Mama, zile nati za lori la mchanga. Nilizikaza?"

Sasa niambie wewe. Mimi ni msusi. Niko saluni kwangu, nimeshika kichwa cha mtu, kitana nimekiuma mdomoni, simu nimeibana kwa bega. Hilo lori lenyewe sijaliona. Nitajuaje kama limekazwa nati au limefungwa kwa kamba? Lakini miaka mitatu nilikuwa najibu. "Umekaza, baba." Anashusha pumzi mpaka naisikia. "Una hakika?" "Nina hakika." "Haya, asante mke wangu." Anakata. Baada ya dakika kumi inalia tena, safari hii anauliza tairi za kushoto.

Wateja walianza kuhesabu. Kuna mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, ana nywele nyingi na mdomo umezishinda nywele. Alikaa kwenye kiti changu tangu asubuhi mpaka mchana, akaondoka na jumla yake: mara kumi na tisa. "Shoga, mume anakupenda huyo," akasema, na saluni nzima ikaangua kicheko. Nilicheka nao, meno tu. Moyoni nilikuwa natamani kuichukua ile simu niitumbukize kwenye ndoo ya kuoshea nywele.

Nikueleze habari zake kwanza, maana ukimsikia hivihivi utadhani ni punguani. Mume wangu ni fundi wa tairi na breki za magari makubwa, malori na mabasi, na kazi hiyo ameifanya miaka kumi na tisa katika gereji moja. Ana mikono mizito na maneno machache. Walikuwepo madereva ambao wakifika wakamkosa, wanalala palepale ndani ya gari wamsubiri mpaka kesho, hawataki mkono mwingine uguse tairi zao.

Mambo yaliharibika siku tairi ya lori moja ilipochomoka barabarani. Wala hakuifunga yeye. Aliifunga fundi mwenzake aliyekuwa na haraka zake. Tairi ikajiendea, ikavuka barabara, ikagonga ukuta wa duka la madaftari, ikalala. Hakuna aliyeumia. Yule aliyeifunga alicheka, kesho yake akachapa kazi kama kawaida. Mume wangu, ambaye hakuhusika hata kwa kidole, ndiye aliyerudi nyumbani akakaa kitandani na viatu miguuni. "Pale ukutani," aliniambia, "dakika tano kabla yake walikuwa wamekaa watoto wawili." Tangu siku ile hakuuamini tena mkono wake.

Mwanzo alikuwa anarudia kukaza mara mbili, na nani atamlaumu mtu makini. Halafu ikawa mara nne. Halafu akawa anatoka gereji mbio, anapiga miluzi, anasimamisha lori lililoshafika barabara kuu, anapiga magoti vumbini na spana yake huku dereva anamtazama kwa dirishani. Mafundi wenzake wakampa jina, Marudio. Mwanzoni walimwita hivyo pembeni, baadaye mbele yake, na yeye akawa anaitika.

Mwaka huu mwenye gereji akaniita. Wote wanamwita Tajiri, ingawa anavaa viatu vilivyokanyagwa visigino. Nilifikiri mume wangu ameanguka. Nilifika nikiwa bado nimevaa aproni ya saluni, nikamkuta Tajiri ofisini kwake ameketi na kopo la maziwa ya unga mbele yake. Akalipindua juu ya meza. Zikamwagika bolti za tairi, zimekatika shingoni, zinang'aa pale zilipokatikia.

"Shemeji, hesabu."

Nikahesabu. Saba.

"Miezi miwili tu hiyo," akasema. "Bolti ina kipimo chake. Ukiikaza kupita kipimo, inavutika. Kwa macho utaiona nzima, kumbe imeshachoka, inangoja siku ya kukatika. Sasa mumeo anakaza vizuri kabisa, mara ya kwanza. Halafu anarudi na bomba refu, analichomeka kwenye spana apate nguvu, anakaza kilichokazwa. Anaondoka. Anarudi tena. Anaogopa tairi isichomoke, na akiendelea hivi, shemeji, ataichomoa yeye."

Miaka mitatu nilimwona mume wangu kama mtu anayesumbua, basi. Sikuwahi kufikiri kwamba anahatarisha watu.

"Nampa wiki sita," Tajiri akaendelea. "Akabidhi gari kama wenzake. Apime mara moja, aweke alama ya rangi, aondoke. Akishindwa atoke, na sitamwandikia barua nzuri ya kwenda kwingine, maana nitakuwa namtwisha mwenzangu mzigo. Dada yangu alikuwa na hofu ya namna hii. Hospitalini kuna mshauri alimsaidia. Mpeleke."

Nikampeleka. Nilitarajia daktari mwenye nywele nyeupe, dawa mbili tatu, na cheti. Tukamkuta binti mdogo, umri wa wadogo zangu, kwenye chumba chenye viti vitatu vya plastiki na feni inayolia. Hakuwa na dawa. Alikuwa na karatasi na kalamu.

"Nipe mfano mmoja wa jana," akamwambia mume wangu. "Nini kilitokea?"

"Lori lilitoka getini."

Akaandika. "Ukawaza nini?"

"Kwamba sikukaza."

"Uliwaza, au ulijua?"

Mume wangu akakuna kidevu. "Niliwaza," akasema.

"Ukasikia nini mwilini?"

"Hofu. Kifua kilibana. Viganja vilitoka jasho."

"Ukafanya nini?"

"Nikampigia mke wangu."

Yule binti akachora mshale kutoka kwenye lile la mwisho, alichokifanya, ukarudi mpaka kwenye wazo. "Ukimpigia, unapata nafuu. Kichwa chako kinajifunza kwamba pale palikuwa na hatari kweli, na simu ndiyo iliyokuokoa. Kesho wazo linarudi na nguvu zaidi." Nikautazama ule mshale. Tumepanda magari mawili, nimefunga saluni nusu siku, tumekuja kuchorewa mshale.

Akatufundisha kwamba wazo ni wazo tu. Linaweza kuwa kweli, linaweza kuwa uongo, na lisiaminiwe kwa sababu tu limekuja likipiga kelele. Linaulizwa ushahidi. Mume wangu akapewa kazi ya kuandika pande mbili. Upande wa kwanza, ushahidi kwamba hakukaza: akaandika "nasikia hivyo moyoni," akakwama. Upande wa pili akajaza karatasi. Spana ya kipimo ililia tiki, na hiyo hailii mpaka nati ifike. Alama ya rangi ipo. Miaka kumi na tisa, hakuna tairi yake iliyochomoka. Halafu dereva mwenyewe hupima nati tena baada ya kilomita hamsini, ndiyo desturi ya kazi yao.

"Kabla ya kuandika, uliamini kwa kiasi gani kwamba hukukaza, ukitoa alama kwenye mia?"

"Tisini."

"Na sasa?"

"Arobaini," akasema, na akatabasamu, jambo ambalo sikuliona tangu mwaka ulipoanza. Nikasema moyoni, kumbe ni rahisi hivi.

Kesho yake saa mbili unusu asubuhi simu ikalia. Tisini ilikuwa imerudi, na karatasi alikuwa nayo mfukoni. Nilihisi kama nimeibiwa.

Tuliporudi kwa yule binti nilimwambia wazi kwamba karatasi yake haifanyi kazi. Hakukasirika, na hilo nalo likanikera. Akasema karatasi ni mwanzo. Lazima sasa mwili nao ujifunze. Hofu inapanda, inakaa, halafu inashuka yenyewe, lakini mume wangu hajawahi kuiona ikishuka yenyewe kwa sababu kila ikipanda anaikimbia. Anaikimbilia spana au anaikimbilia simu. Akageuka kwangu.

"Na wewe mama, akikupigia unamjibuje?"

Nikakaa vizuri kwenye kiti. Hapo nilijua nimefika kwenye sifa zangu. "Namtuliza," nikasema. "Namwambia umekaza. Hata akipiga mara ishirini, sijawahi kumnyima."

"Anatulia kwa muda gani?"

"Dakika kumi hivi."

"Kuanzia leo," akasema kwa upole kabisa, "usimjibu."

Nilimkata jicho moja ambalo angekuwa mwanangu angelia. Miaka mitatu ninabeba mzigo huu, wateja wananicheka, watu wanahamia saluni nyingine kwa sababu nasuka nusu kichwa naacha, halafu mtoto wa juzi ananiambia kwamba na mimi ni sehemu ya ugonjwa. Niliona kama kaniita mchawi wa mume wangu. Nilimwambia hivyo. Akasema hapana, mimi ni mke aliyefanya kile ambacho kila mtu angefanya, lakini kila jibu langu linamnunulia dakika kumi na kumwachia hofu kubwa zaidi. Kwa maneno mengine nilikuwa nampaka mume wangu mafuta kwa mgongo wa chupa. Hayo ya chupa ni maneno yangu, yeye alisema kwa adabu zaidi.

Mpango ukawa huu. Mume wangu atapima nati mara moja kwa spana ya kipimo, ataweka alama, ataondoka. Bomba refu atampa Tajiri alifungie. Ataanza na magari madogo yanayokuja gereji mara mojamoja, apande kwenye pikapu, aje malori, na mwisho basi la abiria. Hofu ikija ataandika ni ngapi kwenye mia, atakaa nayo, ataandika tena baada ya nusu saa. Akinipigia kuuliza, jibu langu ni moja tu: hilo ni la nati, silijibu. Mengine yote tuongee.

Wewe jaribu. Mtu uliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na tano anakupigia, sauti inatetemeka, anakuomba neno moja dogo, unalo mdomoni, na unamwambia silijibu. Siku ya kwanza alikata simu bila kuaga. Siku ya pili aliniambia nimekuwa na roho ya kutu. Siku ya tatu akaanza ujanja. Alinitumia picha ya tairi bila maneno yoyote. Akaniuliza, "Hivi wiki iliyopita, uliposema nimekaza, ulimaanisha nini?" Akaniambia hataki jibu, anachotaka nikohoe tu kama amekaza. Mtu mzima, ana ndevu, anaomba nikohoe.

Tena si kwamba hakuna kilichosogea. Kwenye gari dogo la kwanza aliandika themanini. Baada ya nusu saa sabini. Baada ya saa mbili ishirini na tano, na gari lilikuwa limeshafika mbali, hakulifuata. Alirudi nyumbani akaniwekea ile karatasi juu ya meza kama mtoto aliyefaulu mtihani. Simu za kumi na tisa zikawa kumi na moja, zikawa sita. Halafu siku moja, bila sababu, zikarudi kumi na nne. Hapo ndipo nilipofika ukingoni. Kama angekuwa haponi kabisa ningejua moja. Hii ya kupona Jumanne na kuugua Jumatano ilinitoa roho.

Ikaja Jumapili ya wiki ya nne. Jumamosi yake alikuwa amefunga tairi za nyuma za lori, gari limeegeshwa kwenye uwanja wa kampuni yenye lori, safari ni jioni ya Jumapili. Mimi ninaosha vyombo. Yeye chumbani, kimya, na ule ukimya wake naujua una kelele kiasi gani. Mara binti yetu, miaka tisa, anakuja jikoni.

"Mama, baba anauliza eti, jana aliporudi alikuwa anaonekana kama mtu aliyekaza?"

Amemtuma mtoto. Damu ilinichemka. Niliuacha mwiko kwenye maji, nikasema kwa sauti ambayo ilifika chumbani na kwa majirani pia: "Mwambie baba yako hakukaza. Hakukaza hata moja. Zote ziko wazi, zinamsubiri yeye."

Nilisikia kitanda kikilia, mlango ukifunguka. Nilipotoka nje alikuwa ameshafika mbali, anakimbia na kandambili, shati halijafungwa. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Alikimbia mpaka kwenye uwanja wa kampuni, akaazima spana na bomba kwa mlinzi, akakaza nati zilizokuwa zimekazwa sawasawa. Ya tatu ikakatika mikononi mwake, dereva anaangalia.

Tajiri hakunipigia. Alikuja mwenyewe Jumatatu, akasimama mlangoni mwa saluni na ile bolti ya nane mkononi. "Bado wiki mbili, shemeji, sijavunja ahadi yangu. Lakini nikiona ya tisa, asije hata kuchukua nguo zake za kazi. Nitamletea." Akaiweka bolti kwenye rafu ya mafuta ya nywele, akaondoka.

Nilimwomba mume wangu msamaha usiku ule. Alisema si kitu. Hakuniangalia alipokuwa akisema.

Nikaenda kwa mshauri peke yangu. Nilijiandaa kukaripiwa, na nilikuwa na majibu yangu tayari. Alinipa karatasi.

"Hii ni yako," akasema. "Simu inalia. Unawaza nini?"

"Nawaza ananipotezea muda."

"Na chini ya hilo?"

"Chini ya hilo kuna hasira."

"Hasira ni hisia. Nauliza wazo."

Nikanuna. Feni ikalia. Binti wa watu akaningoja, hakunisaidia hata kwa neno. Mwisho wake nikasema kitu ambacho sikujua kama ninacho. Nikasema, "Nawaza kwamba nikinyamaza, na kweli tairi ikachomoka, nitakuwa mimi niliyenyamaza."

"Kwa hiyo ukimjibu," akauliza, "nani anapumua?"

Nilitaka kumwambia ni yeye. Lakini nilikumbuka mabega yangu yanavyoshuka nikisikia simu imekatwa. Nikakiri kwamba tunapumua wote wawili. Akaniambia nifanye kazi ileile anayofanya mume wangu: simu ikija, nisijibu la nati, niandike hofu yangu mimi ni ngapi, nikae nayo. Nilitoka pale nimekasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Wiki ya tano nikawa naandika nyuma ya risiti za saluni. Sitini. Hamsini na tano. Sabini, siku alipolia. Sikumjibu, nikabaki naye kwenye simu, tunaongea habari za bomba la maji lililopasuka uani, yeye anavuta makamasi, mimi nashika kichwa cha mteja kwa mkono mmoja. Ilichukua dakika arobaini. Ikashuka, kwake na kwangu. Kufikia wiki ya sita zilikuwa simu mbili kwa siku, na malori yote yalikuwa yameshapita mikononi mwake bila bolti ya tisa kukatika. Likabaki basi.

Siku ya mwisho ya zile wiki sita mimi nilikuwa na safari. Mama yangu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho, na mwendo mpaka kwake ni saa sita. Kuna kampuni ya mabasi inayotengeneza magari yake gereji kwa Tajiri, na familia za mafundi husafiri nayo bila nauli. Nilifika pale asubuhi na mkoba wangu, nikamkuta mume wangu amechuchumaa kwenye tairi ya mbele ya kulia. Ya basi langu. Tairi zote mbili za mbele zilikuwa zimebadilishwa asubuhi hiyohiyo, na Tajiri alikuwa amesimama hatua chache nyuma, mikono mfukoni.

Nilisikia ile spana ikilia tiki, nati moja baada ya nyingine, kwa kuvukana, hii kisha ya ng'ambo yake, kama inavyotakiwa. Akazunguka upande wa kushoto, nako vilevile. Akachukua brashi, akaweka alama za rangi nyeupe. Akasimama. Uso ulikuwa umemtoka jasho mpaka kidevuni, na niliona mkono wa spana ukitaka kurudi chini, ukasimama hewani, ukashuka ubavuni.

Hakuniuliza kitu. Alinipokea mkoba, akaupandisha, akasema, "Msalimie mama." Halafu akaligeuzia basi mgongo, akaenda akaingia chini ya lori jingine. Miguu yake tu ndiyo iliyobaki inaonekana.

Nikakaa kiti cha dirishani. Basi likatoka getini, na hapo ndipo kitu kikanishika kifuani. Tairi ya mbele ya kushoto. Nati ya chini kabisa. Nilisikia tiki ngapi upande ule, nane au tisa? Zilitakiwa kumi. Nilijiambia wee, mwanamke, acha ujinga, wewe ni msusi. Moyo haukusikia. Nilianza kuona ule ukuta wa duka la madaftari ambao sijawahi kuuona maishani mwangu, na watoto wawili wamekaa.

Kwenye kilomita ya hamsini dereva akasimamisha gari, akashuka na spana yake kama kawaida yao. Mimi huyo nikamfuata. "Ziko sawa?" nikamwuliza. "Ziko sawa, mama," akasema. Jamani, nilivyopumua. Nilirudi kitini nikafungua chupa ya maji nikanywa. Sijui zilipita dakika kumi. Nikawaza: dereva alipima upande wa kulia, nilimwona. Wa kushoto je? Nilikuwa nimesimama upande gani?

Nikampigia mume wangu. Ikalia mpaka ikakata. Nikapiga tena. Mara ya tatu nikaanza kutukana kimyakimya, nikisema hana adabu, mke yuko safarini na yeye hapokei. Ningejua tu, neno moja, ningelala usingizi. Mzee wa kiti cha pili akaniuliza kama ninaumwa. Viganja vyangu vilikuwa vimelowa mpaka simu inateleza.

Sikuwa na risiti ya kuandikia, nikaandika kwenye simu yenyewe. Tisini na tano. Nikakaa nayo, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Ilipanda, ikakaa, na sitakudanganya kwamba ilishuka haraka. Tulipofika ilikuwa bado hamsini. Mama alikuwa amesimama kituoni na jicho moja limefungwa, akanishika mkono akasema mbona una baridi hivi.

Nilikuta ujumbe wa Tajiri. "Shemeji, hajatoka chini ya lori isipokuwa kula. Kazi yake anayo." Niliusoma mara tatu. Nikafurahi, ndiyo, nilifurahi sana.

Jioni akapiga yeye. Akaniuliza habari za jicho la mama, nikamweleza. Nikamwuliza kwa nini hakupokea simu zangu.

"Niliziona," akasema. "Nilijua unataka kuuliza nini."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Ulifika ngapi?"

"Tisini na tano."

"Kwa muda gani?"

"Njia nzima. Saa sita."

Nilimsikia anahema. Kwa nyuma yake redio ilikuwa inasoma habari na binti yetu anafungua mfereji. "Saa sita," akasema taratibu, kama mtu anayepima kitu mkononi. "Mimi miaka mitatu."

Hakusema kwa kunilaumu, na afadhali angenilaumu. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama nikihesabu yote niliyokuwa nikimwambia miaka hiyo. Umekaza baba. Nina hakika. Acha kunisumbua, nina mteja. Maelfu ya maneno, na kuna moja ambalo hata jirani akijikwaa mlangoni mtu humpa bila kufikiri, ambalo mimi sikuwahi kumpa mume wangu.

"Pole," nikamwambia. "Pole sana, baba."

Nilisikia redio ikizimwa.

"Nimeshapoa," akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka.